Yatima Mwenye Wajomba: Baraza la Jamaa juu ya Mtoto, Tangu Zamani Mpaka Sheria za Leo

Neno yatima ni neno dogo, lakini limeleta maneno mengi katika historia ya inchi yetu. Kwa sheria iliyokuja na Wazungu, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba na mama. Kwa wazee wetu, mtoto aliyefiwa alikuwa bado na baba wakubwa, baba wadogo, mashangazi, wajomba na mama wadogo. Kabla ya mtu yeyote kumchukua, hao wote walipaswa kukaa chini na kukata shauri. Kukaa huko ndiko tunakoita baraza la jamaa.

Leo kila mtu analisifu baraza hilo, na kila mtu analalamika kwamba limeharibika. Katika kurasa hizi tutafuata njia liliyopita, tangu siku za mababu mpaka tribinali za leo, na tutauliza swali moja ambalo watu hawaliulizi sana: nani alikuwa na kazi ya kuliita? Kwa maoni yetu, baraza juu ya mtoto linapona ao linakufa kwa sababu ya yule anayeliita.

1. Neno na mahali pake

Baraza, ao barza sawa tunavyosema huku Kongo, ni neno la pwani. Kule ni kibao cha mawe mbele ya nyumba, mahali pa kupokea wageni na kuzungumza. Lilifika kwetu katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara iliyokaa Nyangwe na Kasongo, katika Maniema. Wabelgiji nao walilichukua katika Kifaransa chao cha koloni, na kwao barza ikawa veranda. Lakini jambo lenyewe lilikuwapo kabla ya neno. Wabembe wa Fizi wana lubunga, mahali wanaume wanapokaa na kusikiliza maneno ya kijiji. Wakongo wa magharibi wana kinzonzi, yaani ufundi wa kusema katika palabre. Kila kabila lina jina lake na mti wake.

Kulikuwa na tofauti moja kubwa kati yao. Kwa Wakongo, na huku Katanga ya kusini kwa Babemba na Balamba, mtoto anahesabiwa upande wa mama. Mjomba ndiye mkubwa wake. Kwa Bashi wa Kivu, kwa Walega, na kwa wengi wa Baluba wa Katanga, mtoto ni wa upande wa baba, zaidi sana kama mali ya ndoa ilitolewa yote. Basi swali "Huyu mutoto ni wa nani?" lilikuwa na majibu mawili, kufuatana na mahali lilipoulizwa.

Hata hivyo, pande zote mbili zilijua kwamba upande mmoja hauwezi kufunga neno peke yake. Kwa Wakongo, ambao mtoto ni wa mama, baba na jamaa yake walibaki na nguvu ya kubariki. Mtoto aliyeondoka bila baraka yao aliogopewa. Kwa Walega, ambao mtoto ni wa baba, mjomba anapewa heshima kubwa sana, na kumdharau ni jambo zito. Kwa hiyo, kila mara mtoto alipobaki bila mtu wa kumlea, ao mama alipoachwa, pande mbili zilipaswa kukutana. Na pande mbili zikikutana na huzuni ao hasira, inatakikana mtu wa kusimama katikati.

2. Mwenye kuita na mwenye kusema

Kwa Wakongo mtu huyo ana jina: nzonzi. Ni msemaji anayejua methali, anayejua ukoo, na anayejua namna ya kupokea neno la upande mmoja na kulipeleka upande wa pili bila kulitia sumu. Mara nyingi kila upande ulikuwa na nzonzi wake. Hawakusema mambo yao wenyewe. Walisema yale waliyotumwa. Neno likiwa gumu, kundi moja lilisimama, likaenda pembeni, likazungumza peke yake, kisha likarudi na jibu moja. Kule pembeni watu waliweza kukaripiana na hata kulia. Mbele ya wote walileta neno lililokwisha kuiva.

Tuangalie kazi hiyo vizuri. Nzonzi mzuri hakukata neno. Alilitengeneza ili wenyewe walikate. Kabla ya siku yenyewe watu walitumwa kuita: huyu aliye ng'ambo ya mto, yule aliyeolewa mbali, mzee asiyeweza kutembea. Mtu asiyeitwa alikuwa na haki ya kusema baadaye kwamba shauri lile halimfungi. Ndiyo maana kuita kulichukua siku nyingi kuliko kusema.

Waswahili wana methali: Penye wazee haliharibiki neno. Ni kweli, lakini methali hiyo ina sharti ambalo haikulitaja: wazee wawe wameitwa wote, na wa pande zote.

Tusipambe zamani kupita kiasi. Katika baraza nyingi wanawake walikaa nyuma, wakasema kwa kinywa cha kaka zao. Mtoto mwenyewe hakuulizwa. Alikuwa anacheza mbali wakati maisha yake yalipogawanywa. Mara nyingine mtoto alitolewa kulipa deni ao kumaliza ugomvi wa damu, na hao wazee walikuwapo. Anayetaka kurudisha desturi hii leo ajue pia kwamba ilikuwa na shimo hilo.

3. Bula Matari na yatima wake

Mwaka 1890, tarehe 12 mwezi wa saba, mfalme Léopold II alitoa dekreti iliyoipa Leta ulinzi wa watoto waliokombolewa katika misafara ya watumwa. Iliwahusu pia watoto walioachwa, watoto yatima, na wale ambao wazazi wao hawakutimiza kazi ya kuwalea. Kwa maneno, ilikuwa sheria ya huruma. Kwa matendo, ilifungua koloni za watoto, kama zile za Boma na Nouvelle-Anvers, ambamo wavulana walifundishwa kazi na uaskari. Misioni pia zilipokea watoto kwa njia hiyo.

Nani aliamua kwamba mtoto fulani ameachwa? Hapakuwa na baraza. Wakubwa wa Leta waliamua, ao mapadri, ao shefu aliyeogopa kukataa. Siyo sisi wa kwanza kuyasema hayo. Tume ya uchunguzi iliyotumwa na Léopold mwenyewe, ambayo ripoti yake ilitangazwa mwaka 1905, iliandika juu ya fermes-chapelles za Wajezuiti wa Kwango kwamba wengi waliokaa humo hawakuwa yatima wala wafanyakazi wenye mkataba. Waliombwa kwa mashefu, na mashefu hawakuthubutu kukataa. Katika karatasi za Wazungu walikuwa yatima. Katika vijiji walikuwa na wajomba.

Jambo hilo halikwisha na Léopold. Wakati wa koloni ya Ubelgiji, watoto machotara, wa baba Mzungu na mama Mwafrika, walitafutwa na kuchukuliwa kwa mama zao, wakapelekwa misioni kama Katende katika Kasai ao Save katika Rwanda. Mama wengi walikuwa hai. Bibi na wajomba walikuwa hai. Watoto waliandikwa kama walioachwa. Mwaka 2019, mwezi wa ine, waziri mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi mbele ya bunge. Tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 2024, mahakama ya rufaa ya Bruxelles iliihukumu Leta ya Ubelgiji katika mashtaka ya wanawake watano waliochukuliwa Kongo wakiwa wadogo, ikasema kwamba kitendo hicho kilikuwa kosa juu ya ubinadamu. Kila mmoja alipewa euro 50.000. Walikuwa wamekwisha kuwa mabibi wa miaka zaidi ya sabini.

Tunakumbusha mambo hayo juu ya sababu moja. Kila mara Leta, misioni ao shirika linaposema "mtoto huyu hana mtu", lazima tuulize: nani amekwenda kuwatafuta watu wake, na kwa siku ngapi?

4. Katika miji na makampi

Mji ulileta shida nyingine. Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ulianzishwa mwaka 1910, na Union Minière iliajiri watu kutoka mbali: Kasai, Maniema, Rwanda, Rhodesia ya kaskazini. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilitaka mfanyakazi akae na mke na watoto katika kampi. Nyumba na posho zilihesabiwa kwa nyumba moja: baba, mama, watoto. Mjomba hakuwa katika hesabu hiyo. Pole pole watu walianza kuona jamaa kwa macho ya kitabu cha kampuni.

Baba akifa katika kampi, baraza lingekutana wapi? Mzee wa ukoo alikuwa safari ya siku nyingi. Hapo watu wa kabila moja walikusanyika katika mashirika yao, na mkubwa wa shirika akachukua nafasi ya mjomba. Pia, dekreti ya 1926 ilikuwa imepanga mahakama za wenyeji, na ile ya 1931 ilitengeneza miji ya weusi iliyoitwa centres extra-coutumiers, yenye mahakama zake. Wakuu hao walizoea kusikiliza kesi za ndoa na watoto kati ya watu wa desturi tofauti: mama Mubemba anasema mtoto ni wake, baba Muluba anasema ni wake, na kila mmoja ana haki kwa kwao. Tangu hapo watu walizoea kupeleka neno la mtoto mbele ya mtu anayekata. Nzonzi hakuwa anakata. Mkuu wa mahakama anakata. Tofauti hii bado iko nasi.

5. Sheria inalipa baraza mahali

Baada ya uhuru, kazi ya kuunganisha sheria na desturi ilichukua miaka mingi. Code de la famille ilitolewa tarehe 1 mwezi wa nane 1987, ikaanza kufuatwa mwaka 1988. Inasema kwamba kila mtoto lazima awe na baba, na inawapa watoto wa marehemu, waliozaliwa katika ndoa ao inje ya ndoa wakitambuliwa, robo tatu za urizi. Inalitaja pia baraza la jamaa, conseil de famille, katika mambo kama kumpatia mtoto mlezi. Mwaka 2016 sheria hiyo ilirekebishwa. Mama hana tena lazima ya kuomba ruhusa ya bwana yake kwa kila tendo la sheria, na hilo lilibadilisha pia nafasi yake katika baraza.

Lakini tuangalie namna mambo yanavyokwenda. Ili tribinali ithibitishe mlezi ao msimamizi wa urizi, inaomba karatasi tunayoiita PV ya conseil de famille. Karatasi ina majina na sahihi. Haionyeshi nani hakuitwa. Mara nyingi inaandikwa wakati wa kilio, watu wakingali wanalala inje kwenye mikeka, na wale wenye kelele zaidi ndio wanaoshika kalamu. Wanaanza na nyumba, gari na pesa za mwisho za kazi. Watoto wanakuja mwishoni, sawa vile viti na sufuria: huyu aende kwa baba mdogo, yule kwa shangazi. Mama anaambiwa: "Mama, weye ulikuja tu hapa." Robo tatu za sheria zinabaki katika kitabu.

Hapo ndipo tunaona kilichopotea. Tunao wazee, sheria tunayo, karatasi tunayo. Hatuna tena mtu wa katikati mwenye kazi ya kuita. Anayeita leo ni mwenye faida.

6. Baraza likigeuka kuwa hukumu

Kuna jambo baya zaidi. Katika miaka ya 1990, baada ya kuporwa kwa miji mwaka 1991 na 1993, kazi zikiisha na pesa zikipoteza maana, na kisha vita vya 1996 na 1998, tuliona katika Kinshasa, Mbuji-Mayi na miji mingine watoto wakishtakiwa kuwa wachawi. Mara nyingi ni mtoto aliyefiwa, ao mtoto wa ndoa ya kwanza, aliyetumwa kwa jamaa ambao hawakumwomba. Kikao cha jamaa kilifanyika, ndiyo. Lakini upande wa mama haukuwapo, ao wa baba, na mtoto hakuwa na mtu hata mmoja wa kumtetea. Kikao hicho kilikuwa hukumu iliyovaa nguo ya baraza.

Katiba ya mwaka 2006, katika kipengele cha 41, inakataza kumwacha mtoto, kumtesa na kumshtaki uchawi. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya kulinda mtoto inaweka kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu kwa anayemshtaki mtoto hivyo. Sheria hiyo hiyo ilianzisha tribinali za watoto, na inasema kwamba mtoto mwenye akili ya kupambanua ana haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Lile shimo la zamani, sheria imeliziba. Inabaki kuliziba katika baraza zetu.

Vita pia vilitufundisha kitu. Katika Kivu na Ituri, watoto waliopotezana na wazazi, na wale waliotoka katika vikosi, walipitia vituo vya muda ao nyumba za kuwapokea. Kabla ya kuwarudisha, wafanyakazi wa jamii walikwenda kuona jamaa mara moja, mbili, tatu. Walizungumza na bibi, wakasikiliza woga wa majirani, wakatafuta nani atalipa masomo. Waliita kazi hiyo médiation familiale. Mzee wa Kikongo angeiita kwa jina lake.

7. Kutoka ng'ambo: Wamaori

Sisi siyo peke yetu. Katika New Zealand, Wamaori walilalamika miaka mingi kwamba Leta inachukua watoto wao na kuwapeleka katika nyumba zake, bila kuuliza jamaa kubwa, whānau. Katika miaka ya 1980 kamati iliyoongozwa na mzee John Rangihau ilitoa ripoti iliyoitwa Puao-te-Ata-Tu, ikasema wazi kwamba sheria za inchi hazikujua mtoto wa Kimaori ni wa nani. Mwaka 1989 bunge lilitoa sheria mpya: mtoto akiwa katika hatari, jamaa yake inakutana na kupanga namna ya kumlinda.

Jambo linalotuhusu zaidi ni hili: sheria ile iliweka mtu wa kuita. Kazi yake ni kutafuta jamaa wa pande zote, kuzungumza nao juu ya siku, mahali na desturi ya kufungua kikao, na kuhakikisha kwamba wanapata habari zote za kweli. Ana uwezo wa kumzuia mtu ambaye kuwapo kwake kunamdhuru mtoto. Siku ikifika, wafanyakazi wa Leta wanaeleza wanayoyajua, kisha wanatoka chumbani. Jamaa inabaki peke yake, inazungumza, na inarudi na shauri lake. Msomaji atakumbuka lile kundi linaloenda pembeni. Bahari kubwa ziko kati ya Mmaori na Mkongo, lakini wote wawili walijua kwamba jamaa haisemi kweli yake mbele ya mgeni. Toka kule, njia hiyo ilifika mpaka Ulaya, na leo kuna wafanyakazi wa jamii wanaoisoma katika vitabu kama kitu kipya.

8. Kazi ya kuita, kwa siku za leo

Tukitaka baraza lisimame tena, tuanze na mtu huyo. Anaweza kuwa mwalimu aliyestaafu, mama wa shirika, mzee wa kartie ao mfanyakazi wa jamii. Sharti ni moja: asiwe na sehemu katika nyumba, shamba wala pesa zinazobishaniwa, na pande zote zimkubali.

Kazi yake tunaweza kuihesabu. Kwanza, aandike majina ya jamaa wa baba na wa mama, walio hai, hata walio mbali. Siku hizi simu inamfikisha mjomba wa Kalemie katika kikao cha Lubumbashi. Pili, amwone kila mmoja mbele ya siku, ili hasira itoke nyumbani mwake na siyo katika kikao. Tatu, atenge neno la mtoto na neno la mali: siku mbili, na ya mtoto itangulie, kilio kikiwa kimekwisha. Ine, amwulize mtoto peke yake, kwa upole, anataka kukaa na nani na anaogopa nini. Na mtoto achague mtu mmoja wa kukaa kando yake ao kusema kwa niaba yake. Tano, aseme wazi mipaka: shauri lolote la kumpiga, kumfukuza, kumwombea kwa nguvu ao kumwoza mtoto si shauri la jamaa, ni kosa mbele ya sheria. Sita, awaachie nafasi ya kuzungumza peke yao. Saba, aandike nani atafanya nini: nani analala na mtoto, nani analipa masomo, nani anakwenda kumwona, na siku gani watakutana tena. Neno lisilo na siku ya kurudi linasahauliwa.

Kuna nyakati ambazo baraza haliwezi. Kama hatari iko katika jamaa yenyewe, na pande zote mbili zinaificha, mtoto apelekwe kwanza mahali salama, na mambo yaende kwa juje wa watoto. Mwenye kuita anayejua kazi yake anajua pia siku ya kutoita.

Mtu atasema: nani atamlipa mtu huyo? Swali ni la haki. Zamani nzonzi alipewa divai ya mitende, kuku, heshima. Siku hizi tribinali zinaweza kuanza na jambo dogo lisilo na bei kubwa: kabla ya kupokea PV, ziombe karatasi ya pili yenye majina ya wote walioitwa, wa upande wa baba na wa mama, waliofika na wasiofika, pamoja na neno la mtoto. Mashirika yetu ya utamaduni, yanayojua koo na desturi, yanaweza kutoa watu wa kuifanya kazi hiyo katika kila komini. Karatasi hiyo ya pili isipokuwapo, juje aulize: wajomba wako wapi?